Kabati la Jikoni, Majivu na Mafuta ya Pamba

Wasomaji wetu wa Bariadi wajua ya kuwa fedha za pamba huja mara moja kwa mwaka, na mambo yanayozingojea ni mengi: sare za watoto, mabati, mbegu, na deni la dukani. Basi nyumba ikipata kabati la jikoni kwa fedha hizo, kabati hilo si kitu cha kununuliwa tena mwaka ujao. Walakini twaingia katika nyumba nyingi tukaona kabati lisilotimiza miaka mitatu, nalo limekwisha kuwa jeusi penye vipini, limebabuka chini karibu na sakafu, na milango yake inanata mkononi. Mwenye nyumba husema, "Fundi alitupunja vanishi." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi fundi hana hatia. Kabati limeharibiwa na vitu viwili vinavyotumiwa kwa nia njema kabisa, yaani mafuta ya kupikia na majivu.

Tuanze na mafuta, maana sisi wa Simiyu ni watu wa pamba, na mafuta ya mbegu zake hayako mbali nasi. Kabati likififia, mtu hutwaa kitambaa, akakichovya katika mafuta, akalisugua mpaka likang'aa. Siku ile lapendeza sana. Lakini yako mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Mafuta ya kitani, ambayo maseremala huyatumia tangu zamani, hushikana na hewa yakageuka kuwa ngozi ngumu juu ya ubao. Mafuta ya pamba hukauka nusu tu, na ya alizeti vivyo hivyo. Ya mawese hayakauki kamwe. Hubaki yananata, yakikamata vumbi la njia, masizi ya kuni na mvuke wa kukaangia, hata baada ya miezi michache kabati limevaa ngozi ya pili iliyo nyeusi. Hapo mama wa nyumba huuona uchafu, naye hutwaa majivu.

Majivu ni rafiki wa sufuria, nani asiyejua? Lakini majivu yakilowa hutoa maji makali mfano wa magadi, na maji hayo hula mafuta. Ndiyo maana sufuria hutakata. Sasa rangi ya mafuta, na vanishi nyingi pia, zimetengenezwa kwa mafuta. Majivu hayawezi kubagua mafuta ya maandazi na mafuta ya vanishi. Huyala yote pamoja. Tena chembe zake hukwaruza, na chuma cha kusugulia hukwaruza zaidi. Dawa ya kutia nguo weupe nayo tusiilete karibu na kabati.

Yafaa tukumbuke kazi ya vanishi. Katika karne ya 19 vanishi nzuri za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi yetu, iliyochimbwa ardhini katika pwani ya bara, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa hata mji wa Salem, Marekani. Vanishi za leo nyingi ni za utomvu uliotengenezwa viwandani, lakini kazi ni ile ile: kuwa ngozi inayozuia maji yasiingie katika ubao. Ubao ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea, na ngozi iliyo juu yake hupasuka. Nao hunywa maji kwa wingi kwenye ncha zilizokatwa kwa msumeno kuliko ubavuni. Sasa tazameni chini ya miguu ya kabati lenu. Mafundi wengi hupaka yanayoonekana kwa macho tu, wakaacha nyayo na ukingo wa chini wa milango bila kitu, na hapo ndipo maji ya kupigia deki hupandia. Tungewashauri wazazi wasimalize malipo kabla fundi hajalipindua kabati mbele yao. Na ikiwa ni ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ambao mafundi huuita MDF, jambo hili lazidi, kwa kuwa huo ukivimba haurudi tena.

Kazi ya kila siku ni ndogo. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kikamuliwe sana, kisha kitambaa cha maji matupu, kisha kikavu. Penye vipini pafutwe kila jioni. Jiko la mkaa lisikae chini ya kabati wala ubavuni pake.

Mtu atajuaje kama vanishi yake ingali hai? Adondoshe tone la maji. Likisimama kama umande juu ya jani, ni hai. Likitandaa na kuacha doa jeusi, imechoka, na wakati wa kuipaka upya umekuja, kabla ubao haujaanza kuharibika. Maana mbao zetu hutoka mbali. Tangu miaka ya 1920 vichaka vya Usukuma vilifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba na kuni vikamaliza mengine. Kazi ya HASHI, iliyoanzishwa mwaka 1986 katika mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake mpaka mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, ilirudisha ngitili nyingi. Lakini ngitili zatupa malisho na kuni, si mbao za kabati. Mninga watoka upande wa Tabora, na msonobari watoka Sao Hill huko Mufindi, na nauli yote hulipwa na mnunuzi.

Kupaka upya kufanywe wakati wa kiangazi, ndani ya nyumba, si juani, maana jua hukausha juu kabla ya chini. Upepo wetu wa kiangazi una vumbi jingi. Basi nyunyizeni maji sakafuni kwanza. Oshe kabati kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, likauke, kisha pitisheni msasa laini, namba 240, kwa wepesi. Ikiwa ni rangi ya zamani, lowesheni msasa na kuwaweka watoto mbali, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Pakeni mara mbili au tatu, nyembamba, na msasa kidogo katikati. Mpako mmoja mzito hukunjamana. Kesho yake itaonekana imekauka, lakini vyombo visirudishwe upesi. Ngojeni hata wiki moja.

Moto wa jiko uzimwe kabla ya kufungua kopo la vanishi. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasifinyangwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa hupata joto yenyewe yakikauka, hata yakawaka bila kiberiti. Yatandazeni nje moja moja, au yatieni ndani ya ndoo ya maji.