Njia Isiyodumu: Jinsi Data Zinavyosafiri Pasipo Mnara

Simu mbili za kawaida zilizo katika chumba kimoja hazipigiani moja kwa moja, bali hupitisha mazungumzo yao kwenye mnara wa kampuni ya simu, na ndiyo sababu tetemeko la ardhi kama lile la Haiti la Januari 2010 likivuruga minara, watu hukosa mawasiliano hata na jirani. Katika mtandao wa redio usio na mnara, kila kifaa huwa mtumaji, mpokeaji na mpitishaji wa ujumbe wa wengine kwa wakati mmoja. Wazo hili lilijaribiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani tangu miaka ya 1970, lakini ugumu wake haujapungua: vifaa vinatembea, na njia iliyofaa muda mfupi uliopita huenda sasa imekatika.

Itifaki, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata ili kuelewana, hukabili ugumu huu kwa namna mbili kuu. OLSR, iliyochapishwa mwaka 2003, huvitaka vifaa vipashane habari za mtandao kila baada ya sekunde chache, hivyo njia hujulikana mapema, ingawa betri hutumika hata pasipo na ujumbe wa kutumwa. AODV, iliyobuniwa na Charles Perkins na Elizabeth Royer, hutafuta njia pale tu inapohitajika. Mtumaji hutangaza ombi kwa majirani, nao hulitangaza tena huku kila mmoja akiweka kumbukumbu ya aliyempa. Ombi likimfikia mlengwa, au kifaa kinachoijua njia ya kwenda kwake, jibu hurudi kwa kufuata kumbukumbu hizo, na kila kifaa njiani hujua hatua inayofuata tu, si safari nzima.

Hatari kubwa hapa ni habari iliyochakaa. Tuseme kifaa A humfikia D kupitia B, kisha B akapoteza mawasiliano na D. Kama A, ambaye bado hajapata habari, atajitangaza kuwa anaijua njia ya kwenda kwa D, B atamrudishia pakiti, yaani kipande cha data, naye A ataipeleka tena kwa B, na pakiti itazunguka baina yao pasipo kufika popote.

AODV huzuia mzunguko huo kwa namba ya mfuatano inayoambatana na kila njia ili kuonyesha upya wake. B anapopoteza mawasiliano na D, huiongeza namba aliyokuwa nayo, kisha hutafuta njia kwa namba hiyo iliyoongezwa, hivyo A mwenye namba ya zamani hana haki ya kumjibu. Kwa sababu hiyo njia ndefu yenye namba mpya hushinda njia fupi yenye namba ya zamani, uamuzi ambao ndio hasa ubora wa itifaki hii.

Hata hivyo, namba hiyo huaminiwa bila kuthibitishwa, na maelezo rasmi ya AODV ya Julai 2003 hayakuweka hatua maalumu za usalama. Kifaa chenye nia mbaya kinaweza kujibu kila ombi kwa namba kubwa ya uongo, kikavutia pakiti zote na kuzitupa, shambulio ambalo wataalamu huliita shimo jeusi. Kwa waokoaji wanaotegemea mtandao wa aina hii, ulinzi wa njia una uzito uleule wa kuipata, na sahihi za kidijitali zinazoweza kuutoa huongeza kazi kwa betri zilezile ambazo AODV ilikusudia kuzipunguzia mzigo.