Jaa Lililogeuka Shamba: Kazi ya Vijana wa Kibera

Mtu apandaye gari Kencom, katikati ya mji wa Nairobi, akaifuata barabara ya Ngong kuelekea magharibi, huiacha Hospitali ya Kenyatta upande wake wa kushoto, hupita maduka ya Adams, na kama magari si mengi njiani, haimalizi saa moja kabla hajateremka penye soko la Toi. Nyuma ya soko hilo ndiko ianzako Kibera: mabati yaliyoshika kutu, kuta za udongo, vichochoro ambamo watu wawili wakikutana lazima mmoja ampishe mwenziwe, na katikati yake yote reli iendayo Kisumu na Uganda.

Watu wanaokaa hapo ni wangapi, jambo hilo limebishaniwa sana. Wako waliosema kwamba wanafika milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 ilitoa jumla ya 170,070. Basi hata tukiikubali hesabu hiyo ndogo, na eneo lenyewe likiwa kilomita za mraba mbili na nusu hivi, twapata watu zaidi ya 60,000 katika kila kilomita moja. Msomaji aliye na ekari zake tatu huko Murang'a au Bungoma atauliza, na ana haki ya kuuliza: mahali kama hapo, jembe litachimba wapi?

Wako vijana waliolijibu swali hilo kwa mikono yao, na habari yao yafaa isomwe na wakulima wa mashambani pia.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba Kibera si mahali pa juzi, wala haikuanza kama mtaa wa mabati. Jina lenyewe ni la Kinubi, na maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudani, walikalishwa pale mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka wa 1918 Serikali ya wakati ule ilitangaza eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi, ekari zipatazo 4,197. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa hati ya shamba, nayo ilimruhusu kujenga, kulima na kufuga. Kwa hiyo karatasi ya kwanza iliyompa mtu ruhusa ya kukaa Kibera ilikuwa karatasi ya mkulima. Haikumpa milki; ilimpa ruhusa tu, na tofauti ya mambo hayo mawili tutaiona tena mbele.

Sasa tuje kwenye mwaka wa 2008. Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, nchi ikawaka. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza mambo hayo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika Kenya nzima. Katika Kibera soko la Toi liliteketezwa, na vijana wakaing'oa reli. Barabara za Bonde la Ufa zilifungwa kwa mawe na magogo, na Nairobi ni mji usiojilisha: mboga zake hutoka Kinangop, Limuru na Kiambu, na mahindi yake hutoka mbali zaidi. Mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Harambee House, pale mjini, vita vilikoma, lakini sufuria hazikujaa. Mwaka ule ule bei ya nafaka ilipanda duniani kote, na mwenye kuishi kwa kibarua cha siku ndiye aliyeumia kwanza.

Vijana wengi wa Kibera walijikuta hawana kazi, hawana soko, na wamekwisha kugombana na jirani. Katika hali hiyo kilitokea kikundi kilichojiita Youth Reform. Miongoni mwao walikuwamo waliopata kuishi kwa wizi, nao wenyewe hawakulificha jambo hilo; jina walilolichagua linaonyesha walivyotaka kutazamwa. Karibu na reli palikuwa na jaa ambalo watu walikuwa wakitupa uchafu tangu miaka mingi. Hapo ndipo walipoamua kulima.

Mtu asiyepata kuliona jaa la mjini asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kufyeka majani. Taka za miaka mingi hushikamana kama tabaka za mwamba: mifuko ya plastiki, vitambaa, chupa zilizovunjika, na yale ambayo watu wasio na choo huyafunga katika mfuko na kuyatupa usiku. Waliyaondoa kwa sepetu na mikono mpaka wakaufikia udongo. Wengi wangepanda siku ile ile. Wao walisaidiwa na watu wa Green Dreams, kampuni ya hapa Kenya iliyofanya kilimo kisichotumia dawa za viwandani, na udongo ukapimwa kwanza. Ikaonekana kwamba una madini ya zinki kupita kiasi. Zinki kidogo mmea huihitaji, lakini ikizidi huudhuru. Kwa hiyo walipanda alizeti, maana mmea huo hodari hufyonza madini ya namna hiyo kutoka katika udongo na kuyaweka katika shina na majani yake. Alizeti ya kazi hiyo hailiwi wala hapewi mnyama. Hung'olewa ikapelekwa mbali. Pamoja na hayo walipanda mboga za majani, nyanya na maboga, wakala nyingine wenyewe na nyingine wakawauzia majirani.

Ile hatua ya kupima udongo yanipendeza kuliko zote. Wapo wakulima wenye elimu, wenye ekari kumi, ambao hawajapata kupeleka hata kopo moja la udongo wao kupimwa, na kila mwaka humlaumu Bwana Shamba.

Lakini jaa la kulimika halipatikani kila mahali, na wengi katika Kibera hawana hata upana wa mkeka mbele ya mlango. Kwa hao ilifaa njia nyingine, iliyoenezwa mwaka ule ule wa 2008 na shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités katika Kibera na mitaa mingine ya namna hiyo: bustani ya gunia. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa yafaa hata kwa mtu wa shamba ambaye boma lake lina mawe au ukame.

Hutafutwa gunia la mahindi au la sukari lisilotoboka. Udongo mzuri huchanganywa na samadi iliyooza vema, ya mbuzi au ya ng'ombe. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kina cha shubiri moja cha udongo huo hutiwa chini ya gunia. Kisha mkebe mkubwa uliokatwa kitako husimamishwa katikati, ukajazwa kokoto, na udongo ukatiwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu polepole, kokoto zikabaki mahali pake, ukajazwa tena, na kazi hiyo hurudiwa mpaka gunia lijae. Mwishowe gunia huwa na nguzo ya mawe ndani yake tangu juu hata chini. Maji yakimiminwa juu ya nguzo hiyo hushuka na kuenea kwa kila upande. Bila mawe hayo, udongo wa juu hulowa ukawa tope, na miche ya chini ikafa kwa kiu.

Baadaye matundu madogo hukatwa ubavuni kwa kisu, yakipishana yasisimame juu kwa juu, na katika kila tundu hutiwa mche mmoja wa sukuma wiki au spinachi. Juu ya gunia hupandwa nyanya au vitunguu au dania. Gunia moja huweza kuchukua miche 20 hadi 40, na mguu wake hauchukui nafasi zaidi ya kiti. Baada ya wiki tano au sita majani ya chini huanza kuchumwa, na mche ukitunzwa huendelea kutoa kwa miezi mingi.

Taabu yake ni maji. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi, na bomba likikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wenye magunia hutumia maji yaliyokwisha kuoshea mchele au mboga. Maji yenye sabuni nyingi hayafai, na maji ya mtaro wa uchafu hayafai kabisa, ijapokuwa ni ya bure na yapita mlangoni, maana mboga hizo huweza kumletea mtoto tumbo la kuendesha. Gunia pia lisiwekwe ukingoni mwa barabara ya magari, penye vumbi na moshi.

Je, jambo hili lilileta faida kweli, au ni mambo ya kupigiwa picha tu? Uchunguzi wa watu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2013, uliwahusu wakulima wa magunia wa Kibera. Ulionyesha kwamba chakula kiliongezeka nyumbani, ingawa si kwa wingi wa kutajirisha mtu, na kwamba watu waliolima pamoja walisaidiana na kuaminiana zaidi. Katika mahali ambapo miaka michache nyuma jirani alimkimbia jirani kwa sababu ya kabila, faida hiyo ya pili si ndogo.

Serikali nayo ilifika. Mwaka wa 2014 Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipelekwa Kibera, na maelfu ya vijana wa pale wakaajiriwa kuchimba mitaro, kujenga vyoo na kutengeneza bustani. Kazi ile ilionekana kwa macho. Mwaka uliofuata zikatoka habari za kupotea kwa shilingi milioni 791 za Huduma hiyo, na watu wakayazungumza mamilioni kuliko mitaro. Vijana waliotangulia kulima jaani hawakuwa na mamilioni ya kupotea.

Kikwazo kilichobaki ni kile cha tangu siku za askari wa Kinubi, yaani ardhi. Tangu zamani mtu aliyepanda mahindi kando ya njia au ya mto mjini Nairobi aliweza kuamka asubuhi akayakuta yamefyekwa na askari wa mji. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na kwa sheria hiyo kilimo kikatambuliwa kuwa kazi halali ya mjini. Lakini sheria hiyo haimpi mtu kiwanja. Mwaka wa 2017 jumuiya ya Wanubi ilipewa hati ya kumiliki ekari 288, katika zile elfu nne za zamani. Wengine wengi wa Kibera hukaa kwa kodi juu ya ardhi ya Serikali. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia kufungua njia ya kuiunganisha barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakavunjiwa nyumba, na shule pia, kwa siku chache. Barabara yenyewe ilihitajiwa, hakuna abishaye. Lakini kijana aliyelisafisha jaa kwa miezi, akaupima udongo na kuung'arisha kwa alizeti, ana nini cha kumwonyesha mwenye tingatinga?

Labda ndiyo sababu gunia lilipendwa kuliko shamba. Gunia lenye udongo mkavu, watu wanne hulibeba. Jua likilichakaza baada ya misimu michache, hupasuliwa, udongo ukamwagwa juu ya turubai, ukaongezwa samadi mpya, na mwenyewe akaenda Toi kutafuta gunia jingine.