Mzazi, isemee hemofilia ya mwanao

Mtoto wa kiume ametahiriwa, na hadi siku ya pili damu haijakatika. Mwingine goti linavimba bila kuanguka. Mara nyingi familia huanza kunong'ona kuhusu kurogwa, au lawama zote zikamwangukia mama.

Huenda ni hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu hupungukiwa protini ya kuigandisha. Kinasaba chake kwa kawaida hutoka kwa mama, ila karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya ugonjwa huu katika ukoo. Hakuna aliyekosea. Baba, ongozana na mwenzako kliniki.

Kwa kuwa ugonjwa huu ni nadra, usidhani kila mhudumu ataukumbuka. Tembea na kadi inayoonyesha aina yake, A au B. Itaje kabla ya mtoto kuchomwa sindano ya paja, kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji. Usimpe aspirini wala diklofenaki. Akigonga kichwa, mkimbize hospitali hata kama bado anacheza.

Mweleze na mwalimu: asichapwe, na akilalamika kuwa kiungo kinauma, asiambiwe anadeka.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya hemofilia, na wagonjwa wana chama chao nchini. Watafute wazazi wenzako. Mzazi mmoja akidai dawa huonekana msumbufu; wakidai wengi kwa pamoja, inakuwa hoja ya bajeti.