Grupu ya Kazi WhatsApp: Ukiacha Jobo, Hizo Meseji Zinabaki na Nani?

Saa nne usiku. Umefika keja Kangemi, ugali iko kwa meko. Simu inalia: "Timu, nani ako na ile risiti ya leo asubuhi?" Ni mdosi, kwa grupu ya kazi, imekaa hapo katikati ya grupu ya familia na ya harusi ya beshte yako. Umeshafungua. Tiki zimekuwa bluu, so huwezi sema hukuona.

Wasee wengi tao tunachapa kazi hivi. Duka la simu pale Luthuli Avenue lina haja gani na programu ya ofisi? Unatuma picha ya mzigo, bei, namba ya till, imeisha. Hakuna mtu wa kufunzwa WhatsApp. Ukienda Westlands, kwa zile ghorofa za Waiyaki Way, unapata Slack ama Microsoft Teams, akaunti ya kampuni na paswadi ya kampuni. Na hata huko, mbogi bado ina kagrupu ka pembeni ka WhatsApp. Si uongo.

Sasa shika hii. Siku unaacha kazi, watu wa IT wanafunga akaunti yako ya Teams na kila kitu kinabaki kwa kampuni. Kwa WhatsApp unatolewa kwa grupu tu, lakini meseji za zamani bado ziko kwa simu yako. Pamoja na picha za vitambulisho vya wateja mlizokuwa mnarushiana hapo kama mimu.

Hapo ndio kuna noma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kampuni ikichukua data ya mtu lazima iilinde. Ikizembea, Kamishna wa Data anaweza kuipiga faini ya hadi shilingi milioni 5, ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iko chini. Na kampuni italinda aje kitambulisho cha mama ya mtu kama kiko kwa simu yako, kati ya selfie zako za Naivasha?

Lakini usidhani Slack ni pahali pa kumteta mdosi. Inbox ya huko ni ya kampuni, na kuna njia za kisheria za kampuni kuitoa yote na kuisoma. WhatsApp nayo, skrinshoti moja tu na umeisha.

Na zote hulala. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni watu wakitoka job, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima kama masaa sita. Hata wafanyakazi wa Facebook wenyewe walishindwa kuingia kwa mitambo yao ya ndani. Imagine.

Hiyo ya saa nne usiku ilifika hadi Seneti. 2022, Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa kukupa haki ya kutojibu mdosi baada ya masaa ya kazi. Waajiri waliupinga vikali.

So fanya hivi: nunua laini ya pili ya kazi, vitambulisho vya wateja vipite kwa akaunti ya kampuni, na ukishatuma, futa kwa simu. Kutoka kwa grupu kimya kimya? WhatsApp siku hizi humwambia admin pekee. Shida ni, admin ni mdosi.