Sabuni Nyeusi Isiuzwe kwa Jina Tupu

Wananchi wa Visiwani wavukao bahari kwenda kununua bidhaa Kariakoo hurejea na mengi, na siku hizi miongoni mwake vimo vipande vya sabuni nyeusi. Mtaa wa Kongo na mitaa inayoungana nao, sabuni hiyo hunadiwa kuwa ni ya asili, huondoa chunusi, hulainisha ngozi na kukuza nywele. Sisi hatuna ugomvi na sabuni nyeusi. Tunachouliza ni kama kila kinachouzwa kwa jina hilo kinastahili jina hilo.

Sabuni nyeusi ya kweli ni kazi ya mikono ya akina mama wa Afrika Magharibi, hususan Ghana na Nigeria. Maganda ya ndizi na ya kakao hukaushwa juani, huchomwa hadi yakawa majivu, na majivu hayo hulowekwa na kuchujwa. Maji yake makali ndiyo yanayopikwa pamoja na mafuta, kama vile ya mawese au ya nazi, huku yakikorogwa kwa saa nyingi. Kisha sabuni huachwa ikomae. Weusi wake hutokana na majivu, wala si rangi ya dukani. Kwa hiyo sabuni halisi huwa na rangi ya kahawia iliyokoza, haina sura moja, ni laini, humeguka kwa urahisi na hunyonya maji. Kipande cheusi tititi, kigumu na chenye kung'aa, kinafaa kuulizwa kimetoka wapi.

Hata iliyo halisi ina mipaka yake. Maji ya majivu ni makali, na sabuni itokanayo nayo yaweza kukausha ngozi na kuchoma macho. Mwenye busara huijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, na aoshaye nywele kwayo huzipaka mafuta baadaye. Ni sabuni ya kusafishia mwili. Si dawa ya kila ugonjwa.

Hatari kubwa ni pale jina la asili linapogeuzwa pazia la mkorogo. Sabuni za kujichubua zenye zebaki zimekwisha kugunduliwa katika nchi nyingi duniani. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, hupenya mwilini, huharibu figo na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kusafirisha nje vipodozi vya namna hiyo. Mnunuzi hawezi kuiona zebaki kwa macho wala kuinusa. Kipande kisichotaja aliyekitengeneza wala kilichomo kinamwacha gizani, na iwapo kitamdhuru hatajua amdai nani.

Hapa ndipo wajibu wa watendaji ulipo. Tanzania Bara, usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Zanzibar unao Wakala wa Chakula na Dawa. Tunashauri vyombo hivi viwili vishirikiane katika bandari zote mbili, na vianze na waingizaji wakubwa. Kumnyang'anya machinga vipande vyake kumi huku ghala alikovichukua likiachwa wazi si ukaguzi, ni kumwonea mnyonge. Aidha, matokeo ya vipimo yatangazwe kwa Kiswahili, redioni na magazetini, ili mama wa Micheweni na wa Makunduchi ayapate sawasawa na mkazi wa mjini. Wenye umri wetu wanakumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoendeshwa na sabuni ikawa miongoni mwa bidhaa zilizofichuliwa katika maficho. Wakati ule tuliteswa na uhaba. Leo sabuni zimejaa, na tatizo ni kujua ipi ni ipi.

Lakini ukaguzi peke yake hautoshi. Tujiulize: kitu gani kilichomo katika sabuni nyeusi ambacho nchi yetu haina? Mawese yako Kigoma, na huko sabuni ya mawese hutengenezwa. Kakao inalimwa Kyela. Nazi ziko Pemba, Unguja na Mafia. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta ya karafuu. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa likiwa kavu, bila kusindikwa. Hata hivyo, akina mama wa Paje wamekwisha kuonyesha kwamba mwani, mafuta ya nazi na viungo hutoa sabuni nzuri.

Bibi zetu walijua singo, liwa na mafuta ya nazi kabla sisi hatujazaliwa, na dini imetufundisha kuwa usafi ni sehemu ya imani. Ni aibu kuuza mwani mbichi kisha tukapanda boti kwenda kununua sabuni isiyo na jina. Tunaziomba halmashauri na mabaraza ya miji yavipatie vikundi vya ushirika mikopo, mafunzo na nafasi ya kupimiwa sabuni zao kwa gharama wanazozimudu. Na mnunuzi, kabla hajatoa fedha yake pale Kariakoo, aulize mambo mawili: nani ameitengeneza, na ndani yake mna nini. Akikosa jibu, airudishe mezani.