Roki ni mkwaruzo, si nywele ndefu

Kila mwaka hakosi mwanafunzi ambaye, tunapoifikia mada ya homonimu, hutoa mfano wa muziki wa roki. Hulitafsiri jina lenyewe kuwa "muziki wa mwamba", na darasa zima likatikisa kichwa kwa kuridhika. Tafsiri hiyo ina mvuto wake, kwani hudokeza uzito na ugumu, lakini si sahihi. Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa sawa: nomino yenye maana ya mwamba, na kitenzi chenye maana ya kuyumba au kupembeza. Muziki huu ulizaliwa kwa kitenzi. Trixie Smith, mwimbaji Mmarekani mweusi, alikitumia katika wimbo wa mwaka 1922, na wasikilizaji wake walielewa fika kwamba kilichopembezwa humo hakikuwa kitanda cha mtoto. Mtangazaji Alan Freed wa Cleveland alipolieneza jina hilo redioni kuanzia 1951, alikuwa akiliokota katika vinywa vya watu weusi.

Lakini kosa la tafsiri ni dogo likilinganishwa na lile la ufafanuzi. Waulize vijana, na hata walimu wao, roki ni nini. Wengi watakujibu kwamba ni magitaa ya umeme, nywele ndefu na Mzungu anayepiga mayowe. Ndiyo maana mvulana wa Kakamega au msichana wa Machakos anayeupenda muziki huu huambiwa na wenzake kuwa amejitia uzungu. Hapa suala la ufafanuzi linaacha kuwa zoezi la darasani. Aliye na uwezo wa kuamua neno lina maana gani ndiye huamua pia ni nani atakayefungiwa nje ya mlango.

Kwa maoni yangu, wimbo huwa roki pale sauti, iwe ya koo au ya chombo, inaposukumwa kupita kiwango ilichoundiwa, ilhali mdundo ulio chini yake haubabaiki. Mdundo wenyewe si mgumu kuutambua. Hesabu moja hadi nne, kisha upige makofi kwenye mbili na kwenye nne. Mapigo hayo ndiyo huushikilia wimbo mahali pake wakati kila kitu kingine kinatishia kupasuka. Ukiondoa tishio hilo la kupasuka, unabaki na muziki wa kuchezea dansi tu.

Tazama santuri ya "Rocket 88", iliyorekodiwa na Jackie Brenston pamoja na bendi ya Ike Turner mjini Memphis mnamo Machi 1951. Amplifaya ya gitaa ilikuwa imeharibika njiani. Masimulizi yanatofautiana kuhusu jinsi ilivyoharibika, ila yanakubaliana kwamba ilishindiliwa karatasi ndani ili spika ishikike. Ikatoa sauti ya kukwaruza. Sam Phillips, mwenye studio, hakuitupa sauti hiyo, aliipenda. Hatimaye watu wakaanza kuutafuta makusudi ule uliokuwa ubovu. Link Wray alitoboa spika kwa penseli alipotengeneza "Rumble" ya 1958. Dave Davies wa kundi la Kinks la Uingereza aliichana yake kwa wembe, na matokeo yake ni "You Really Got Me" ya 1964.

Hiyo "Rumble" naiweka karibu na kilele cha orodha yangu kwa sababu ya kitaaluma. Haina neno hata moja. Ni ala tupu. Hata hivyo, baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vilikataa kuipiga, vikihofia kwamba itawachochea vijana kupigana. Sisi wanaisimu tumezoea kuitafuta maana katika mofimu na sentensi, kumbe hapa palikuwa na watu wazima walioiogopa maana isiyo na sentensi!

Kisa cha "Louie Louie" ya kundi la Kingsmen, 1963, kinastaajabisha zaidi. Mwimbaji alimumunya maneno kiasi kwamba wazazi walidhani ni matusi, wakalalamika serikalini. Shirika la upelelezi la FBI liliisikiliza santuri hiyo kwa kasi mbalimbali, likakiri mwishowe kwamba maneno hayatambulikani. Waama, maneno yenyewe ni ya baharia anayetamani kurudi kwa mpenzi wake. Kilichowatia wazazi kiwewe ni namna ya kuimba, wala si kilichoimbwa.

Tukikipokea kigezo hiki, mlango unafunguka. Sister Rosetta Tharpe, mama wa nyimbo za injili, anaingia na gitaa lake na "Strange Things Happening Every Day" ya 1945, miaka tisa kabla ya Bill Haley kurekodi "Rock Around the Clock". Jumba la kumbukumbu za roki la Marekani lilimtambua mwaka 2018, takriban miaka 45 baada ya kifo chake. Anaingia Big Mama Thornton na "Hound Dog" ya 1953, ambayo wengi hudhani ilianza na Elvis Presley. Anaingia Jimi Hendrix, aliyepiga wimbo wa taifa la Marekani kule Woodstock mnamo Agosti 1969 na kulifanya gitaa lilie kama mabomu, wakati vita vya Vietnam vikiendelea, bila kutamka lolote.

Wapo pia wanaobaki nje. Najua nitajiwa juu kwa hili, lakini "Hotel California" ya Eagles siihesabu. Ni wimbo mzuri, na magitaa ya mwisho yamesukwa kwa ustadi mkubwa. Ila kila uzi umelazwa mahali pake, na hakuna hata nukta moja ambapo nahofia kuwa chochote kitakatika.

Kinyume chake ni "We Will Rock You" ya Queen, 1977. Karibu wimbo wote ni miguu, makofi na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946. Gitaa huja mwishoni tu, kama mgeni aliyechelewa. Nani atathubutu kusema kwamba si roki?

Na anayedhani kwamba Mwafrika ni mwigaji tu katika jambo hili na asikilize kundi la WITCH la Zambia, hasa albamu yao ya 1975, "Lazy Bones!!". Gitaa linakwaruza ipasavyo, na chini yake ngoma zinatembea kwa mwendo ambao sijausikia London wala Memphis. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, hujiita Jagari: ni Mick Jagger huyo, aliyepewa irabu ya mwisho kwa kufuata silabi za lugha za Kibantu, kama sisi tulivyolitohoa gitaa. Bendi ilisambaratika, ikafufuka, na mwaka 2023 ikatoa albamu nyingine, "Zango", Jagari akiwa na umri wa miaka sabini na ushei.