Je, Fahamu ya Mtu Ndiyo Inayoamua Mwenendo wa Atomu? – Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliishia kwenye jaribio la Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japani, mwaka 1989. Walirusha elektroni mojamoja, na kila moja iliacha doa lake mahali pasipotabirika. Madoa yalipofikia maelfu yakajipanga katika mistari, kama yafanyavyo mawimbi yaliyopita njia mbili na kukutana. Tukasema pia kwamba ukitega kifaa cha kubaini elektroni imepita njia ipi, mistari ile hutoweka. Hapo wasomaji wakanibana: elektroni inajuaje kwamba kuna mtu anaitazama?

Swali hili wamelishughulikia watu wazito. Mwaka 1932 John von Neumann alichapisha kitabu kilichoipa fizikia ya kwanta msingi wake wa kihisabati, na humo akaonyesha jambo la kutatiza. Atomu iliyo katika hali mbili kwa pamoja ikigusana na kifaa cha kupimia, hesabu inasema kifaa nacho kinaingia katika hali mbili. Mwanga ukitoka kwenye kifaa hadi jichoni, jicho nalo linaingia. Mshipa wa fahamu vivyo hivyo, na ubongo pia. Hesabu yenyewe haisemi mnyororo huu ukatike wapi. Mwaka 1939 huko Paris, Fritz London na Edmond Bauer waliandika kwamba unakatika pale mtu anapotambua alichokiona.

Aliyelisukuma wazo hilo mbele zaidi ni Eugene Wigner, aliyesoma shule moja na von Neumann mjini Budapest na kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963. Katika makala yake ya mwaka 1961 alituomba tufikirie rafiki aliyejifungia maabara, akisubiri kuona kama atomu itatoa mmweko wa mwanga au haitatoa. Wigner yuko nje. Kwa hesabu za Wigner, mpaka atakapoingia na kuuliza, rafiki yule yuko katika hali mbili: ameona mmweko, na hajauona. Lakini akimuuliza, “Kabla sijakuuliza, wewe uliona nini?” rafiki atajibu kwamba alishajua zamani. Wigner aliona ni upuuzi kusema mtu mwenye akili timamu alikuwa ananing’inia kati ya kuona na kutoona. Basi, akasema, kiumbe chenye fahamu hakifuati kanuni zilezile zinazofuatwa na chombo kisicho na uhai. Fahamu ndiyo inayofunga hesabu.

Hoja hii ina nguvu, na sipendi wanaoicheka. Ila ilijengwa juu ya dhana moja: kwamba maabara ile inaweza kufungwa kabisa isiguswe na chochote cha nje, kama tunavyoweza kuitenga elektroni moja ndani ya ombwe. Dhana hiyo ndiyo iliyovunjika, na jaribio linaloonyesha hivyo waziwazi lilifanyika Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, likachapishwa mwaka 2004 na Lucia Hackermüller, Markus Arndt, Anton Zeilinger na wenzao.

Walichukua molekuli za kaboni zenye atomu 70 kila moja. Kwa vipimo vya atomu hilo ni dude kubwa. Waliziyeyusha kuwa mvuke ndani ya tanuri, zikachomoka kwa kasi kuingia katika bomba lililoondolewa hewa, na kupita kwenye vichujio vitatu vya dhahabu vyenye mianya midogo mno, inayofuatana kwa umbali wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Ng’ambo ya pili mistari ilijitokeza. Kila molekuli, kwa uzito wake wote, ilipita njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kisha wakafanya jambo la werevu. Kabla molekuli hazijafika kwenye vichujio, walizipitisha kwenye miale ya leza ili kuzichemsha. Zilipopata joto la wastani mistari ilibaki wazi. Walipoongeza nguvu ya leza, mistari ikafifia, tena kidogo kidogo. Joto la molekuli lilipokaribia kelvini 3,000, ikatoweka.

Hapakuwa na mtu aliyechungulia ndani ya bomba. Molekuli yenye joto kali hung’aa kama chuma kilichotoka tanurini na kutoa fotoni, yaani chembe za mwanga. Fotoni hizo zilipiga kuta za bomba zikamezwa, na hakuna kifaa kilichozihesabu. Hata hivyo zilitosha kufuta mistari, na sababu yake inaelezeka. Mwanga wa molekuli yenye joto dogo una mawimbi marefu kuliko nafasi iliyo kati ya njia na njia, kwa hiyo haubebi habari ya njia iliyopitwa. Joto likizidi, mawimbi ya mwanga huo yanakuwa mafupi kuliko nafasi ile, na fotoni zinakuwa nyingi. Sasa fotoni inayotoka njia hii inatofautika na ile ya njia nyingine. Habari ya njia imekwisha kuvuja na kusambaa ulimwenguni, hata kama hakuna atakayeisoma. Ni kama nyayo za mwizi kwenye mchanga mbichi: zipo tangu alipokanyaga, awepo askari au asiwepo.

Nasisitiza ile “kidogo kidogo”. Kama fahamu ya mtu ndiyo ingekuwa inakata shauri, tungetazamia mistari iwepo mpaka mtu ajue, kisha iondoke. Badala yake, ilififia kulingana na joto na idadi ya fotoni, kama nadharia ilivyotabiri. Wataalamu wanaliita jambo hili dikoherensi. Aliyelianzishia njia ni Mjerumani H. Dieter Zeh, kwa makala ya mwaka 1970 iliyosema kwamba vitu vikubwa haviwezi kamwe kutengwa na mazingira yake.

Makala ya Zeh ilimfikia Wigner, naye akaiunga mkono ichapishwe. Miaka iliyofuata aliachana na msimamo wake wa 1961. Alipiga hata hesabu ya kipande kidogo cha tungsteni kilichoachwa angani, mbali na kila nyota, akaonyesha kwamba huko nako kinaguswa na mnururisho hafifu uliojaa ulimwenguni. Rafiki aliyejifungia maabara, mwenye joto la mwili na pumzi, hakuwa na nafasi ya kutengwa. Naliheshimu sana jambo hili. Wanaomtaja Wigner leo kama shahidi wa nguvu ya akili juu ya maada wanamnukuu nusu, na nusu waliyoiacha ndiyo aliyozeeka nayo.

Barani mwetu Afrika tunao ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa, wakipima urani iliyotoka Oklo nchini Gabon, walikuta urani-235 ikiwa asilimia 0.7171 badala ya 0.7202 ya kawaida. Upungufu huo mdogo uliwafikisha kwenye jibu la ajabu: takriban miaka bilioni mbili iliyopita, viini vya atomu vilikuwa vikipasuka mfululizo chini ya ardhi ile, kama ndani ya kinu cha nyuklia. Maji yalipunguza kasi ya nyutroni, mpasuko ukaendelea kwa muda wa nusu saa hivi. Maji yakageuka mvuke, ukasimama kwa saa mbili na nusu. Maji yakarejea, ukaanza tena. Kila kiini kinachopasuka ni tukio la kwanta, na duniani hapakuwa na kiumbe hata kimoja chenye ubongo.

Mtetezi mkaidi atasema miamba ya Oklo ilikaa katika hali zote kwa pamoja mpaka mtu alipoisoma mizani mwaka 1972. Siwezi kumpa kipimo cha kumkanusha, lakini naye hawezi kunipa kipimo hata kimoja ambacho wazo lake linakitabiri tofauti na fizikia ya kawaida. Mwanafizikia John Bell aliwahi kuuliza iwapo ulimwengu ulisubiri kiumbe cha seli moja, au ulisubiri mtu mwenye shahada ya uzamivu. Sijaona aliyemjibu.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Katika miji yetu kuna wanaotoza watu fedha kwa “kipimo cha kwanta”. Mgonjwa anashika kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache anachapishiwa orodha ya maradhi ya ini, figo na moyo. Hakuna chochote katika fizikia niliyoieleza kinachotoa majibu hayo. Mama mwenye figo zinazodhoofika anahitaji kupimwa damu na mkojo, na kila wiki anayoipoteza kwa kifimbo kile hairudi.

Tusidanganyane, lakini, kwamba kila kitu kimekwisha. Dikoherensi inaeleza kwa nini mistari hutoweka, na kwa nini hatuoni meza ikiwa mahali pawili. Haielezi kwa nini, kati ya matokeo mawili yanayowezekana, lilitokea hili na si lile. Hugh Everett alisema mwaka 1957 kwamba yote mawili hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu. David Bohm, mwaka 1952, alisema chembe ina mahali pake wakati wote na wimbi linaiongoza. Ghirardi, Rimini na Weber, mwaka 1986, walibadili hesabu yenyewe ili hali mbili zivunjike zenyewe kwa bahati nasibu. Wanafizikia bado wanagombana, na mimi sijaridhishwa na hata mmoja wao. Ila katika njia hizi tatu hakuna hata moja inayohitaji fahamu ya mtu ifanye kazi.

Limebaki swali lililogeuzwa: si fahamu kuendesha kwanta, bali kwanta kuzaa fahamu. Roger Penrose alilitetea katika kitabu chake cha mwaka 1989, na Max Tegmark akalipinga kwa hesabu mwaka 2000. Hilo tutalichambua wiki ijayo.

Itaendelea